Barua kwa Mwanangu Anayehamia Pennsylvania

Lancaster, Pennsylvania
Juni

Mwanangu mpendwa,

Chumba mtakachofikia kiko tayari. Baba yako alinipigia simu kutoka Tanga, ana hofu kwamba serikali ya huku itakushtaki kwa kutompeleka mtoto shule. Nimemtuliza. Lakini wewe nawe uliniambia neno lililonikosesha raha, kwamba mkishafika mtaendelea na masomo ya nyumbani "kama Houston". Hapana, mama. Hapa hamtaendelea kama Houston, na ndiyo sababu nimekaa kukuandikia badala ya kuyamaliza kwenye simu.

Marekani haina sheria moja ya kuwasomesha watoto nyumbani. Katiba ya nchi haitaji elimu kabisa, kwa hiyo jambo hili limebaki mikononi mwa majimbo, na kila jimbo limetunga la kwake. Mwaka 1925, katika kesi ya Pierce iliyotoka Oregon, Mahakama ya Juu ya nchi ilisema serikali haiwezi kuwalazimisha watoto wote wasome shule za umma pekee. Watu wengi huishia hapo wakashangilia. Hukumu ile ile iliyaachia majimbo mamlaka ya kuweka masharti ili mtoto afundishwe kweli, na humo kwenye masharti ndimo tofauti zilimo. Kwenu Texas, tangu hukumu ya kesi ya Leeper mwaka 1994, nyumba inayofundisha kwa dhati huhesabiwa kuwa shule binafsi: fundisha kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema, na hakuna atakayekudai mtihani wala taarifa ya kila mwaka. Ndiyo maana umezoea kutoulizwa. Sasa angalia majirani wa jimbo letu hili. Ohio, tangu 2023, inataka taarifa kwa mkuu wa elimu wa wilaya na masomo yaliyotajwa, bila tathmini ya mwisho wa mwaka. New York inataka mpango wa masomo wa kila mtoto, ripoti kila robo ya mwaka, kisha tathmini. Basi yule rafiki yako wa kundi la WhatsApp anayesema "Marekani mtu yuko huru" anasema kweli ya jimbo lake. Usiifanye ushauri wako.

Hapa tunafuata Sheria ya 169 ya mwaka 1988. Kabla yake, mzazi aliyetaka kufundisha nyumbani alitegemea hisani ya mkuu wa elimu wa wilaya: huyu anakubali, wa wilaya ya pili anakataa. Sheria hiyo ni ndefu na ina makaratasi, lakini mimi naiheshimu, kwa sababu iliandika yanayotakiwa, na likishaandikwa afisa hawezi kulibadilisha kwa jinsi alivyoamka siku hiyo.

Kwanza ni hati ya kiapo. Unaitia saini mbele ya notari, unaipeleka kwa mkuu wa elimu wa wilaya ya shule tunakoishi kabla hujaanza kufundisha, na kila mwaka unaofuata iwe imefika kufikia tarehe 1 Agosti. Msimamizi wa masomo lazima awe mzazi, mlezi au mwenye haki ya kisheria ya kumtunza mtoto, na awe na cheti cha kumaliza sekondari au kinacholingana nacho. Kwa hiyo mimi siwezi kuandikwa msimamizi, hata kama nitakaa na watoto ukiwa kazini. Cheti chako cha kidato cha sita kitoe kabatini sasa, ukakifanyie tathmini ya ulinganifu kabla swali halijaulizwa. Unaambatanisha malengo ya kila somo na uthibitisho wa chanjo. Unathibitisha pia kwamba katika miaka 5 iliyopita hakuna mtu mzima anayeishi nyumbani aliyetiwa hatiani kwa makosa yaliyoorodheshwa. Mkiwa kwangu, mimi na mjomba wako tumo humo.

Mkipata nyumba yenu katika wilaya nyingine katikati ya mwaka wa masomo, sheria inataka umwandikie mkuu wa elimu wa wilaya mnayotoka kwa posta ya rejista, siku 30 kabla ya kuhama, ukiomba barua ya uhamisho. Kwa kuwa kwangu mnapita tu, liweke hilo mbele ya macho.

Lipo neno moja katika kiapo hicho ambalo wenzetu hulipita haraka: masomo yanayotakiwa yafundishwe kwa Kiingereza. Najua moja ya sababu zako za kuwatoa watoto shuleni ni kwamba Kiswahili kilikuwa kinawatoka, na mkubwa alikuwa anamjibu bibi yake kwa Kiingereza. Nakuunga mkono kwa moyo wote. Lakini hesabu, sayansi, jiografia, na historia ya Marekani na ya jimbo hili, zote ziwe kwa Kiingereza, na zionekane hivyo kwenye jalada la kazi za mtoto. Kiswahili kiandike kama somo la lugha, kipe saa zake na vitabu vyake. Sheria haikukatazi hata kidogo kuongeza lugha, na Kiswahili chenye kipindi chake kitawakaa kuliko kile cha kuchanganya na kila somo.

Mwaka ni siku 180 za masomo, au saa 900 kwa darasa la msingi. Weka daftari la masomo na ulijaze siku ile ile mnayofundisha. Sheria inasema liandikwe wakati masomo yanapoendelea, na vitabu mnavyosoma vitajwe kwa majina. Daftari lililojazwa lote usiku mmoja wa Juni hujulikana. Hifadhi pia mifano ya kazi za mtoto kwenye jalada. Hata mafunzo ya kujikinga na moto yametajwa katika sheria, basi siku mkizungumza habari za jiko na mishumaa, iandike.

Mkubwa anaingia darasa la 3, na huo ni mwaka wa mtihani. Mitihani ni darasa la 3, la 5 na la 8, ya kusoma na hesabu, na mzazi haruhusiwi kuisimamia. Kisha mwisho wa mwaka mtathmini huzungumza na mtoto na kulipitia jalada. Huyo anaweza kuwa mwalimu mwenye cheti cha jimbo na uzoefu wa kufundisha, au mwanasaikolojia mwenye leseni. Si wewe wala mumeo. Barua yake ndiyo unayoipeleka wilayani kufikia tarehe 30 Juni. Jalada lenyewe, tangu mabadiliko ya mwaka 2014, linabaki kwako. Afisa akilitaka, mjibu kwa adabu na kwa maandishi ukimtajia kifungu cha sheria. Usimpe zaidi ya sheria inavyotaka, na usimpe pungufu yake hata karatasi moja.

Mdogo hajafika miaka 6, hana hati ya kupeleka mwaka huu. Na ukishawishiwa na zile shule za umma za mtandaoni, ujue mtoto aliyeandikishwa huko ni mwanafunzi wa shule ya umma na anafuata masharti yao, ijapokuwa anakaa sebuleni kwako. Mpira ndio usiutilie wasiwasi: tangu 2006 watoto wanaosomea nyumbani wanaruhusiwa kujiunga na timu za wilaya yao.

Nimekuwa mkali kwa sababu mtoto asiyekuwa na hati wala shule huhesabiwa mtoro, na mzazi huitwa mbele ya hakimu. Ninyi mnasubiri uraia. Kesi, hata ndogo, msiikaribishe kwa ajili ya karatasi ambayo notari angeimaliza kwa dakika chache.

Isome sheria yenyewe kwenye tovuti ya Idara ya Elimu ya Pennsylvania, wewe na mumeo pamoja. Kisha andika malengo ya kila somo, unitumie niyapitie kabla ya kwenda kwa notari, na tafuta mtathmini sasa, usingoje Mei.

Shangazi yako