Kuenea kwa Lenzi

Shuka huchaguliwa kwa kimo cha mlalaji. Shuka lisiloenea hufunika kifua likaiacha miguu katika baridi. Lenzi ni shuka la nuru, na filamu ni mlalaji wake. Katika kamera kubwa za filamu, ambazo lenzi yake hutolewa na kutiwa nyingine kwa hiari ya mwenyewe, swali la kwanza si umaarufu wa mtengenezaji, bali ni hili: je, nuru yake yaenea?

Lenzi ni duara, na picha iitupayo ndani ya kamera ni duara pia. Katikati duara hilo hung'aa. Kuelekea ukingoni nuru hupungua, maumbo hufifia, na mwisho huwa giza. Filamu, kwa upande wake, ina pembe nne. Ili pembe zote zipate nuru, hapana budi kipenyo cha duara kiwe sawa na ulalo wa filamu au kiuzidi. Filamu ya inchi 4 kwa 5, zikitolewa kingo zifichwazo na kishikizi chake, ina ulalo wa karibu milimita 153. Ile ya inchi 8 kwa 10 ina ulalo upitao milimita 300.

Aghalabu watu hudhani kuwa urefu wa fokasi hueleza kuenea kwa lenzi. Sivyo. Kiwanda cha Schneider cha Ujerumani kilitengeneza Angulon na Super-Angulon, zote mbili za milimita 90. Kitundu kikifinywa hadi namba 22, Angulon hutupa duara la milimita 154 tu. Super-Angulon ya namba 8 hutupa duara la milimita 216. Ya kwanza huitosha filamu ya inchi 4 kwa 5 kama kiatu kibanacho. Ya pili hubakiza nafasi ya kuhamisha lenzi karibu milimita 40 juu au chini, filamu ikiwa imelazwa.

Thamani ya nafasi hiyo niliiona Kiomboi, katika nchi ya juu ya Iramba, nilipopewa kazi ya kupiga picha ya ukoo wetu. Jamaa walijipanga mbele ya safu ya mikaratusi, nami nikasimika kamera juu ya jabali ili nyuso za safu ya nyuma zisifichwe. Kamera ikiinamishwa kutazama chini, mashina ya miti hutawanyika kama miguu ya kigoda kilichopinduliwa. Ikiachwa wima, na lenzi peke yake ikateremshwa, miti husimama kama ilivyoota. Lakini lenzi ishukapo hulihamisha duara lake, na duara likiwa dogo, gizani huenda waliokaa chini katika ncha mbili za mkeka.

Wazee walikuwa katikati, kama ilivyo desturi. Katika ncha walikaa watoto, wake wa vijana na mchunga ng'ombe. Shangazi yangu akauliza, "Mwanangu, wale wa pembeni watatoka?" Alikuwa na sababu. Nyumbani kwake hutunzwa picha moja ya zamani ambayo pembe zake zote ni nyeusi. Mama yake alikaa penye ncha ya mkeka. Waonekana mkono na goti. Hakuna picha yake nyingine.

Nikamjibu, "Watatoka, shangazi." Jibu hilo lilitoka katika hesabu. Lenzi fupi ya milimita 90 hupanua nyuso za walio ukingoni, kwa hiyo nilikuwa nimetia ya milimita 210, yenye pembe ya kuenea ya nyuzi 70. Duara lake ni la karibu milimita 294, mbali sana na ulalo wa filamu yangu. Tena niliihakikisha hesabu kwa jicho. Kioo cha ukungu cha kamera yangu kimekatwa pembe zake. Mtu akichungulia hapo kuelekea lenzi, akakiona kitundu kizima, nuru yafika. Akikiona kimekatwa upande mmoja, pembe hiyo yaanza kunyimwa.

Kweli, ziada ina gharama. Lenzi yenye duara kubwa aghalabu ni nzito na ghali, na nuru isiyo na kazi huruka ndani ya mvukuto ikaichujusha picha. Hata hivyo, gharama ya upungufu ni kubwa zaidi, kwani hulipwa na asiyekuwapo wakati wa kununua. Beit al-Ajaib ya Unguja ilijengwa mwaka 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka. Atakaye kujua nguzo ya mwisho au roshani ya pembeni ilivyokuwa hutazama picha za kale, na pembe iliyoingia giza haina la kumwambia.

Mtu wa katikati huonekana hata kwa lenzi duni. Cheo chake kimekwisha kumchagulia mahali pa nuru. Mpigapicha apimapo lenzi, basi, na aanzie pembeni. Hapo ndipo hukaa wale ambao huenda wasipigwe picha ya pili.