Kasha Nalo ni Sera

Walimu wawili wa Munanila, wilayani Buhigwe, waliniomba ushauri. Wanayo kompyuta ya bodi moja, Raspberry Pi 5, isiyozidi sana ukubwa wa kadi ya benki, nao wanataka iwe maktaba ya shule isiyohitaji intaneti: wanafunzi wasome Wikipedia kwa vishikwambi kupitia programu ya Kiwix. Swali lao lilikuwa dogo: kasha gani linafaa?

Nililipa uzito, kwani miradi yetu mingi hufia hapo. Kichakataji kikifika nyuzi joto 80 hujipunguzia kasi. Feni hupoza upesi, lakini wakati wa kiangazi huvuta vumbi. Alumini hupoza kimya, ila ikiifunika bodi pande zote, mawimbi ya Wi-Fi hudhoofika. Nikashauri kasha la alumini lililo wazi ubavuni, lenye nafasi ya diski ya NVMe. Kadi ndogo ya kumbukumbu huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara. Diski hiyo hudumu zaidi, na huisomea data kompyuta kwa kasi mara kadhaa ya kadi. Darasa zima likiuliza kwa pamoja, tofauti itaonekana.

Mwenye kuidhinisha bajeti ataviita vitu hivi anasa, kwa kuwa mashine huwaka hata bila hivyo. Naam, huwaka siku ya uzinduzi, mbele ya kamera. Lakini ndugu msomaji, utumishi wa umma hupimwa mwaka wa tatu: mtoto anapougusa ukurasa, nao ukafunguka.