Mkuku na Mzizi: Safari Yetu ya Murang'a



Mwezi wa Julai, kusi lilipokuwa limeshika na vyombo vingi vya Kipini vimekwisha pandishwa pwani, sisi mabinti wawili tulifuatana na mama yetu kwenda Murang'a kwa shauri la mashua. Majirani walistaajabu. Mwenye chombo kibovu huenda Lamu kuwauliza mafundi wa Matondoni. Ana lipi la kutafuta katika milima ya kahawa na chai, ambako foromali haijulikani? Jawabu letu lilikuwa moja tu: nusu ya mashua ile iko Murang'a.

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliinunua kwa shirika na mjomba wetu, nduguye mama. Baadaye mjomba alipanda bara kuuza vitambaa, akaoa huko na kuzaa huko, lakini fungu lake lilibaki majini. Baba alipofariki, nusu yake iliingia katika mirathi: thumuni ya mama, na iliyosalia yetu sisi watoto. Kwa hiyo hapakuwa na mtu mmoja miongoni mwetu awezaye kusema, "Tengenezeni," au, "Uzeni," pasi na mjomba kuridhia. Na mama alikataa katakata mambo ya mirathi na shirika yakatwe kwa simu.

Kilichotuondoa nyumbani kilitokea mwishoni mwa kaskazi. Kaka yetu alikuwa akirejea na samaki, na pale mlangoni pa mto Tana, ambapo fungu la mchanga huhama kila msimu, wimbi liliinyanyua mashua na kuibwaga juu ya mchanga. Walisikia mlio kama wa mti unaopasuka. Maji yakajaa ngama kwa kasi kuliko walivyoweza kuyafua, na mwanawe kaka, kijana wa miaka kumi na minne, akarushwa nje. Alikutwa ameng'ang'ania kasia, hai, alhamdulillahi. Tangu siku hiyo kaka hakulala vizuri, na nyumba yetu ikagawanyika.

Kaka alisema mashua ivunjwe iwe kuni, na tukope tununue boti ya faiba: nyepesi, haihitaji kalafati, wala haitobolewi na wale wadudu wa baharini walao mbao. Mama alisema ile ni kazi ya mikono ya watu waaminifu, imetulisha miaka thelathini, na mkopo wenye riba hautaingia nyumbani mwake. Fundi alikuwa amehesabu mataruma matano yaliyooza, mbao za chini zilizoliwa, na ufa nyuma ya mkuku ambao hakuuchimba hata kuujua mwisho wake. Gharama aliyotaja ilikaribia nusu ya bei ya mashua mpya ya mbao. Sisi mabinti tulikuwa katikati: moyo wetu ulikuwa kwa mama, na hofu yetu ilikuwa kwa kaka.

Tulitoka Kipini kwa gari hadi Garsen, tukashuka Malindi, tukalala Mombasa. Asubuhi tukapanda treni ya reli mpya, ile iliyofunguliwa mwaka 2017 na kuigharimu nchi takriban shilingi bilioni 327. Siku ya pili tukatoka Nairobi kwa matatu, tukapita mashamba ya mananasi ya Thika, tukakunja Kenol na kuingia katika nchi ya migomba na miparachichi. Karibu na Maragua tuliiona reli ya zamani iendayo Nanyuki. Mjomba alikwisha tusimulia jinsi ilivyokaa miaka mingi imemezwa na nyasi, hata ikakarabatiwa mwaka 2020 na treni zikarejea. Mama akatugusa mabega. "Mwaona? Hata serikali imetengeneza ya zamani." Tukamjibu kwa adabu kwamba jana yake tu alikuwa akiisifu ile mpya. Akacheka, mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani.

Murang'a haiko mbali na Nairobi, kama kilomita 85, lakini mtu wa pwani huiona ni dunia nyingine. Mji umekaa juu ya kilima, nao Waingereza waliuita Fort Hall tangu mwanzo wa karne iliyopita hata uhuru ulipourejeshea jina la wenyeji. Barabara zake hupanda na kushuka, na ukisimama mahali pa juu huoni tambarare hata moja: ni mgongo wa kilima baada ya mgongo, na katika kila bonde mto. Julai kule ni mwezi wa baridi. Ukungu hulala mabondeni hadi jua lipande, na mama alivaa sweta juu ya buibui, jambo ambalo hatukupata kuliona maishani mwetu. Mjomba alitupokea mtaa uitwao Mjini, wakaako Waislamu wengi, na sauti ya adhana katika baridi ile ilitufanya tujisikie nyumbani upesi kuliko hata chai aliyotupa mkewe.

Usiku ule mama alieleza kila kitu. Mjomba alisikiliza bila kukatiza, kisha akauliza neno moja: "Mkuku?" Mama akasema fundi hana hakika. Mjomba akanyamaza kitambo, akasema, "Basi kesho tutembee kwanza."

Alitupeleka kwa jirani wa shamba la mkewe, bibi mzee wa Kikuyu ambaye watu wote wanamwita shosho, naye akatuita binti zake. Mibuni yake ilipandwa na baba yake katika miaka ya hamsini, Waafrika waliporuhusiwa kwa wingi kulima kahawa. Ni ile mbegu ya SL28, iliyochaguliwa katika maabara ya Nairobi miaka ya 1930, yenye kahawa inayosifiwa ulimwenguni kwa ladha. Lakini mbuni huo una udhaifu: ugonjwa wa chulebuni huozesha matunda yake yakiwa bado mabichi, na kutu ya majani huuvua nguo. Watafiti wa Ruiru walitoa mbegu inayostahimili, Ruiru 11, mwaka 1985, na nyingine, Batian, mwaka 2010. Mkulima mwenye mibuni ya zamani yumo katika shauri lile lile lililotutoa Kipini: aing'oe yote apande upya, au aiponye aliyo nayo?

Shosho alituonyesha kwamba ipo njia ya tatu. Mbuni wa zamani hukatwa shina karibu na ardhi. Kisiki kikichipua, huchaguliwa machipukizi mazuri, yakapandikizwa vikonyo vya mbegu mpya na kufungwa kwa utepe wa plastiki hata vishikane. Chini hubaki mizizi ya miaka sitini, iliyokwisha kushuka kwenye udongo wenye unyevu. Juu hukua mti mpya usioogopa chulebuni, nao huzaa mapema kuliko mche uliotoka kitaluni. Tulipita mstari mzima wa mibuni ya namna ile, visiki vyeusi vyenye makovu na juu yake majani yanayong'aa.

Mwisho wa mstari palikuwa na mashimo matatu matupu. Mama akauliza hiyo iliyokuwa hapo imekwenda wapi. Shosho akasema aliing'oa, akaichoma. Kuvu ilikuwa imeshika mizizi. Mwanawe alitaka kuipandikiza kama mingine, kwa sababu ilipandwa na babu yake. Yeye akafukua udongo kwa panga, akakwangua gome la mzizi, akaona weupe wa ule ugonjwa. "Ningeipandikiza," alisema, "ningepoteza kikonyo kizuri na miaka miwili, kisha ingekufa na kuambukiza jirani zake. Mimi siuliza mti una umri gani. Nauliza mzizi."

Mjomba hakusema kitu. Aliteremka nasi hadi mto Mathioya, maji ya baridi yaendayo kasi juu ya mawe. Maji yale huingia Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, wenye urefu wa kama kilomita 1,000, unaochota maji kutoka Nyandarua na Mlima Kenya, ukapita Garissa, Hola na Garsen hata ukaingia baharini kwetu Kipini. Ule wekundu tunaouona mlangoni wakati wa mvua, kumbe ni udongo wa vilima kama vile tulivyovikanyaga. Mama alitawadha pale, akatetemeka, akasema maji haya yatafika nyumbani kabla yetu. Mjomba akamjibu kwamba yana mabwawa matano ya kuvuka, kuanzia Masinga hadi Kiambere, hivyo asiwe na haraka nayo.

Kisha akampigia kaka simu mbele yetu sote. Alimwagiza yeye na fundi wailaze mashua ubavu, wakwangue shahamu yote, na watoboe mkuku kwa keekee mahali patano, kutoka hanamu hadi fashini, wautazame unga wa mbao kila tundu. Palipo wazima hutoka unga mkavu wenye rangi ya mti. Palipooza hutoka tope jeusi. "Taruma hubadilishwa moja moja," alitueleza, "na ubao hubadilishwa mmoja mmoja, hata chombo kizima kikawa kipya na wala hukuona siku kilipobadilika. Mkuku ukiwa na jeraha fupi katikati, fundi hodari huunga. Lakini ukiwa umeoza pale unapoungana na fashini, hapana pa kushikia. Misumari yote itakuwa imepigwa katika uji."

Jawabu lilikuja siku ya pili baada ya alasiri. Matundu matatu ya mbele, unga mkavu. La nne, unyevu. La tano, chini ya fashini, tope jeusi, na ufa ulipita hapo hapo.

Tulidhani mjomba atatafuta njia, maana hakuna aliyeipenda mashua ile kuliko yeye. Ujana wake wote ulikuwa ndani yake. Alikaa kimya, akapangusa uso, kisha akasema kwamba kuhifadhi nafsi kuko mbele ya kuhifadhi mali, na kwamba hatatoa ridhaa yake watu wapande chombo ambacho yeye mwenyewe asingempandisha mwanawe. Mama alilia. Hatukumzuia.

Usiku ule hesabu ilifanywa upya. Mlingoti ni mzima, foromali nzima, tanga lina miaka miwili, usukani na nanga havina kasoro, mataruma ya mbele manane na mbao za juu zinafaa. Kwa vitu hivyo, mashua mpya ya mbao, ndogo kuliko ile, itagharimu pungufu sana ya bei ya mpya kamili. Mjomba alitoa akiba yake iongezwe katika shirika, na fungu lake likaongezeka kwa kadiri hiyo. Yakaandikwa hayo yote, na mashahidi wawili wa mtaani wakatia sahihi. Faiba haikukataliwa kwa kuwa ni mbaya. Ilikataliwa kwa kuwa ilikuja na riba, na kwa kuwa kaka, alipoulizwa tena kwa upole, alisema hakuwa na haja na faiba hasa: alikuwa na haja na chombo ambacho hakitamfungukia mlangoni pa mto.

Tunaandika haya kwa sababu nyumba nyingi za pwani zina mashua iliyolazwa mchangani na ndugu waliokosana juu yake. Mmoja anashika kumbukumbu, mwingine anashika hofu, na wote wana haki. Kabla ya kubishana juu ya bei, utobolewe mkuku. Kabla ya kuuza au kukarabati, wajulikane wenye mafungu wote, wanawake na wanaume, wa karibu na wa mbali, na kila mmoja asikilizwe.

Asubuhi ya kuondoka, shosho alimletea mama mche wa parachichi uliofungwa katika mfuko. Garini tulimwuliza mama kama angependa lile bao lenye jina la mashua lipigiliwe kwenye mpya. Alifikiri hadi tukapita Maragua.

"Hapana," alisema. "Lile jina lake. Bao litundikwe nyumbani. Mpya tutaipa jina lake yenyewe, ikishaelea, insha'Allah."