MAJUTO NI MJUKUU

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu. Basi mjukuu mwenyewe ni mimi!

Likizo ya Agosti nilikwenda kwa babu. Babu ana santuri ya Fundi Konde, mwimbaji wetu wa Pwani aliyeaga dunia mwaka 2000. Aliachiwa na marehemu baba yake. Nilipoiona imejaa vumbi, nilitaka kumfurahisha mzee. Nikachovya pamba kwenye spiriti, nikaisugua pande zote mbili. Lo! Pamba ikawa nyeusi tititi na mng'aro wa santuri ukatoweka. Babu alipoicheza, sauti ya Konde ilimezwa na mikwaruzo.

"Aa, mjukuu wangu! Si ungeniuliza kwanza?" alisema kwa upole. Afadhali angenichapa.

Ndipo aliponieleza. Santuri za zamani, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilitengenezwa kwa shelaki, yaani gundi itokayo kwa wadudu, nayo spiriti huiyeyusha. Husafishwa kwa kitambaa laini chenye maji kidogo na tone la sabuni, ukifuata mviringo wa mifereji yake, kisha unaikausha mara moja.

Kesho yake nililehemu waya wa spika uliokuwa umekatika, babu akinimulikia tochi. Safari hii niliuliza kila hatua: "Niguse hapa, babu?" Spika ikalia vizuri. Wimbo wa Konde, lakini, haukurudi.

Mpenzi msomaji, kabla hujasafisha kitu cha mzee, muulize mwenyewe!