Mkebe wa Mtoto wa Skuli

Katika mambo ambayo watu huyaona madogo, na hali yana uzito mkubwa katika nyumba, ni ile sarafu anayopewa mtoto asubuhi anapokwenda skuli. Sarafu hii haiandikwi popote. Mume akihesabu matumizi ya mwezi hutaja kodi, umeme, maji, unga, mchele na karo. Ya mtoto haitaji, kwani aiona ni kitu kilichotoka mfukoni kikapita. Basi natuihesabu. Nyumba yenye watoto watatu, kila mmoja akapewa shilingi 20 tu kwa siku, ni shilingi 60. Kwa wiki ya siku 5 ni shilingi 300, na kwa muhula wa wiki 12 ni shilingi 3,600. Hapa sikumtaja mtoto anayepewa shilingi 50, wala sikutia ile sarafu ya pili ya alasiri, ya kwendea chuoni.

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Mombasa, na watoto hunijia baada ya skuli. Kilichonunuliwa kwa sarafu hizo sina haja ya kuuliza, nakiona kwenye vidole na ndimi zao: wekundu wa mabuyu na achari, na ule unga wa manjano wa krispi za pakiti unaobaki kwenye kurasa za juzuu. Mtoto naye, baada ya kula vyote hivyo, huja na njaa. Saa kumi kichwa kimelala juu ya juzuu, na ukimwuliza amekula nini, atakwambia amekula. Amekula sukari, chumvi, rangi na upepo uliofungwa ndani ya pakiti.

Mwenyezi Mungu ameturuhusu kula na kunywa katika Suratul-Aaraf, aya ya 31, na papo hapo akatukataza israfu. Watu wengi wakisikia neno israfu hufikiri harusi kubwa na magari. Lakini israfu haina haja ya fedha nyingi. Shilingi 20 iliyonunua kisichoshibisha wala kulisha mwili, kila siku, kwa mwaka mzima, nayo ni mlango wake.

Sasa tutazame upande wa pili. Kilo moja ya unga wa ngano, tui la nazi moja, sukari kiasi cha robo kilo, hamira na iliki, hukandwa usiku na kuachwa uumuke. Hutoka madonge manane. Kila donge likisukumwa na kukatwa mara nne hupatikana mahamri 32. Watoto watatu wakichukua mawili mawili ni sita, na yaliyobaki ndiyo chai ya nyumba nzima. Bei ya unga na mafuta hupanda na kushuka, kwa hivyo siandiki bei. Kila mama ataipiga hesabu yake kwa duka lake. Nami sijaona bado nyumba iliyopiga hesabu hiyo ikakuta pakiti ndiyo rahisi.

Wala si mahamri peke yake. Visheti vikichovywa vizuri katika shira na kukaushwa, hukaa siku nyingi katika mkebe unaobana, na mama akivifanya Jumamosi amepumzika wiki nzima. Kashata za njugu ni hivyo hivyo. Viazi vitamu au muhogo wa kuchemsha, yai, ndizi mbivu, tende zilizobaki baada ya Ramadhani: vyote hivi ni vya mkebe. Ila vya tui zito, kama mbaazi za nazi, visitiwe. Joto letu la Februari na Machi halimngoji mtoto mpaka mapumziko ya saa nne, na chakula kilichochacha kina gharama ya daktari.

Zamani mahamri yakitiwa ndani ya mfuko wa plastiki na kufungwa fundo. Tangu Agosti 2017, mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Kenya, wengi wamerudi kwenye mkebe wenye kifuniko, na mimi nauona mkebe ni bora kwa sababu nyingine. Mkebe ukifunguliwa huwa mfano wa sahani. Tunaijua hadithi ya Umar bin Abi Salama, aliyekuwa mtoto katika malezi ya Mtume (s.a.w.). Mkono wake ulikuwa ukizunguka katika sahani, na Mtume akamfundisha mambo matatu: kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake. Hilo la tatu lina maana pale watu walipokaa pamoja juu ya chombo kimoja. Mtoto anayekula pakiti yake huku akitembea, ameizuia kifuani wenziwe wasiingize mkono, adabu hiyo atajifunzia wapi?

Yupo mama mmoja aliyenijia akilalamika. "Maalim, mwanangu hurudi na mahamri vile vile nilivyomtilia. Asema wenziwe wamcheka. Nataka umsomee." Nikamwambia, "Mwanangu, huyu hana jicho wala husuda. Huyu aona haya." Alasiri nikamwita yule kijana, wa miaka kumi hivi, nikamwuliza ni nani aliyekanda mahamri yale. Akasema, "Mama, Maalim." Nikamwuliza, "Hukanda saa ngapi?" Akanyamaza, hakujua. Alikuwa akiamka na kuyakuta yako tayari, kama anavyokuta jua limetoka. Nikamwambia usiku ule asilale mpaka aone unga ukikandwa, na alfajiri aamke akae jikoni mpaka la mwisho litoke karaini. Alifanya hivyo. Sitawadanganya kwamba tangu siku hiyo hakutamani krispi. Bado huzitaka, na mtoto ni mtoto. Lakini mama yake aniambia mkebe hurudi mtupu.

Haya ya namna hii si ya kudharauliwa. Wapo watakaokumbuka maziwa ya Nyayo yaliyoanza kugawanywa katika skuli za msingi za Kenya mwaka 1979: mtoto wa tajiri na mtoto wa hamali walishika pakiti ya aina moja. Siku hizi kila mtoto hutoa mkobani daraja ya nyumba yao, na wenziwe huisoma upesi kuliko wanavyosoma vitabu. Basi wazazi wenye uwezo nao watie vya nyumbani. Mtoto wa mwenye duka akifungua mkebe wa mahamri mbele ya wenziwe, amewaondolea haya watoto kumi.

Ama yule mama aliyekuja kwangu, alinifanya nifikiri jambo jingine, nalo ni hili: tunasema vya nyumbani ni rahisi kwa sababu hatulipi mkono uliovifanya. Shilingi tulizoziokoa zimetoka katika usingizi wa mwanamke. Nimewasikia wanaume barazani, kikombe cha kahawa mkononi na kashata ya kununua mdomoni, wakilaumu wake zao kwa sarafu za watoto. Bwana huyo hununua kashata kila usiku, wala hahesabu! Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa katika utumishi wa watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Basi ni aibu gani kwa mmoja wetu kukuna nazi baada ya Isha? Kukaa juu ya mbuzi hakumpunguzii mtu ndevu. Na kijana wa kiume aliyefika miaka kumi aweza kukata madonge na kuosha karai. Nyumba inayotaka akiba hii naigawe kazi yake. Na mama akiwa mgonjwa, au ana mtoto mchanga, mtoto apewe sarafu yake wala pasiwe na maneno.

Kisha kuna yule mama wa langoni. Kila skuli ninayoijua mjini ina mmoja au wawili, na beseni la viazi karai, bajia na ukwaju. Mara nyingi ni mjane, au mumewe hana kazi, na watoto wake wasoma kwa beseni lile. Tukisema kila mtoto aende na mkebe wake, huyu tumemfungia mlango. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba hakuna chakula bora kuliko kilichotokana na kazi ya mkono wa mtu, na kwamba Nabii Daud (a.s.) alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Viazi vya mama huyu nivyo vimepikwa kwa mkono, na fedha yake hubaki mtaani kwetu. Kwa hivyo nyumbani kwangu wajukuu hubeba mkebe siku nne, na siku ya tano hupewa sarafu, kwa sharti inunue kwake wala isinunue pakiti. Nami humwambia yeye, kama nimwambiavyo binti yangu, afunike beseni lake na asiyarudie mafuta yaliyokwisha kuwa meusi. Mwenyezi Mungu katika Suratul-Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake ambao wakitoa hawapiti kiasi wala hawafanyi ubakhili, na mimi naiona siku hiyo ya tano ndiyo inayotutoa katika ubakhili.

Limebaki suala la mtoto asiye na mkebe wala sarafu. Yupo katika kila darasa. Wakati wa mapumziko huenda kwenye mfereji, akanywa maji, akarudi kukaa kivulini. Abu Dharr (r.a.) aliusiwa na Mtume kwamba akipika mchuzi azidishe maji yake, awakumbuke jirani. Katika mahamri 32, kutia matatu badala ya mawili ni kuzidisha maji ya mchuzi. Lakini mama amfunze mtoto namna ya kutoa. Asimwambie mwenziwe, "Mama amesema nikupe," wala asimpelekee kivulini huku darasa zima latazama. Amwite wakae, aweke mkebe katikati yao, aseme Bismillahi, wale.