Nilipoteza Kura, Jumamosi Nikarudi

Niko na wafuasi elfu 41. Pia niko na wanachama wenzangu 16. Hao elfu 41 ndio wananilipia kodi ya nyumba, na kama unasoma hii pengine wewe ni mmoja wao, kwa hivyo asante. Lakini leo nataka kuongea kuhusu hao 16. Wamenionyesha kitu ambacho naona rika letu linakosa: kufuata watu tunajua sana, lakini kuwa mwanachama wa kitu, hapo tumelala.

Chama chenyewe ni cha kushona kwilti. Haya, cheka kwanza, nitangoja.

Umemaliza? Ndiyo, ni mimi. Kijana wa miaka 23, niliyeacha kampasi mwaka wa pili, kila Jumamosi saa nne asubuhi niko kwa ukumbi wa kukodisha hapa Nairobi nikipiga pasi vipande vya shati. Na kama unafikiria kushona ni kazi ya wanawake, hebu hesabu mafundi wa nguo walioketi nyuma ya cherehani mtaani kwenu, kisha urudi tuongee.

Wacha nieleze kwilti ni nini, maana wengi wanadhani ni blanketi tu yenye viraka. Kwilti ni tabaka tatu. Juu kuna kitambaa ulichounga kwa vipande, katikati kuna pamba au kitu kizito cha kuleta joto, chini kuna kitambaa cha mgongo. Halafu unapitisha uzi kutoka juu hadi chini ili hizo tabaka tatu zishikane zisihame. Kuunga vipande ni nusu ya kazi. Ule mshono wa kushika tabaka zote ndio unaifanya iitwe kwilti.

Pamba ya katikati iliyotengenezewa kazi hii ni ghali, kwa hivyo wengi wetu tunaweka blanketi jepesi la mtumba. Vitambaa vya rangi moja tunatafuta Gikomba, kwa marobota ya mashati. Hapo kuna siri nilifunzwa siku yangu ya pili: ukitaka kujua kama ni pamba kweli, chomoa nyuzi chache uziwashe. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inaacha kitone kigumu. Sasa mimi nikienda Gikomba natembea na kiberiti, na wauzaji wananiangalia kama mwizi.

Sisi tunashona kwilti za kisasa. Hii mambo ya kisasa ina historia fupi. Mwaka wa 2009, huko Los Angeles, Alissa Haight Carlton na Latifah Saafir walikuwa wakijuana na washonaji wengine kupitia intaneti, wakaamua wakutane ana kwa ana. Hapo ndipo Modern Quilt Guild ilianza. Ikasambaa miji mingine haraka, na kufikia 2013 walikuwa na maonyesho yao makubwa ya kwanza, QuiltCon, kule Austin, Texas. Staili yao ni rangi kali, nafasi kubwa zilizoachwa wazi, mistari isiyolingana makusudi. Ona vile ilienda: watu walikuwa tayari wanafuatana mtandaoni, lakini wakaona haitoshi. Walitaka meza.

Lakini nisikudanganye kwamba Wamarekani wa 2009 ndio walivumbua hiyo staili. Kuna kijiji Alabama kinaitwa Gee's Bend, kwa kona ya mto, ambapo akina mama Weusi, vizazi vya watu waliokuwa watumwa wa mashamba ya pamba, walikuwa wakishona kwilti za aina hiyo miaka mingi kabla. Walitumia nguo za kazi zilizoisha, suruali za dangrizi zilizotoboka magoti. Hawakuwa wanatafuta sanaa, walitaka watoto wasilale baridi. Mwaka wa 2002 kwilti zao zikawekwa kwa jumba la makumbusho Houston, kisha Whitney, New York, na mwaka wa 2006 posta ya Marekani ikazichapisha kwa stempu.

Na sisi je? Uliza watu wa Pwani wakuambie leso ilianza vipi. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1800 ikielekea kuisha, wanawake walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vikiwa bado havijakatwa, vile Wareno waliviita *lenço*. Wanakata sita, wanaunga tatu juu na tatu chini, wanapata nguo moja kubwa. Baadaye ndio wafanyabiashara wakaanza kuichapisha nzima. Kwa hivyo leso unayofungia mtoto mgongoni ina babu aliyekuwa viraka. Nilipojua hilo niliacha kujiona kama nimekopa kitu cha wazungu.

Sasa, uanachama. Mimi nilienda mara ya kwanza kutafuta kontenti. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu ambaye bado anaongea kama kengele imelia, aliniangalia na simu yangu akasema, "Hiyo weka mfukoni kwanza, kijana. Shika pasi." Nikashika pasi saa tatu. Wiki iliyofuata nikarudi, na hakuna aliyenipigia makofi kwa kurudi. Nilipewa rula na kitambaa.

Chama kinaomba vitu vidogo, lakini kinaviomba kila wakati. Mchango wa shilingi 200 kwa mwezi. Zamu ya kufagia nyuzi, na nyuzi zinashika sakafu kama nywele za salon. Kila mwezi unashona bloku mbili kwa rangi alizochagua mtu mwingine, unampa, na zamu yako ikifika unapewa za wengine wote. Hapo ndipo robo inchi inaingia. Mishono yetu yote inaachwa robo inchi kutoka ukingoni, kama milimita 6. Wewe ukijifanya mjanja ukala milimita moja zaidi kila upande, bloku yako inapungua milimita 2. Haionekani. Lakini safu ya bloku 12 za mtu kama wewe inapungua milimita 24, karibu inchi nzima, na kwilti ya mwenzako haifungi. Bloku zangu za kwanza zilifumuliwa mbele yangu na shosho wa miaka 70 aliyekuwa anaongea habari za mvua. Hakuniambia pole. Alinipa uzi.

Kampasi nilikuwa nambari ya usajili. Karo ilipokwama nikatoka, na hadi leo hakuna mtu wa pale amepiga simu kuuliza nilienda wapi. Hapa nilikosa Jumamosi mbili nikiwa na homa, wakanipigia watu watatu. Usidhani ilikuwa mapenzi matupu. Wa kwanza aliuliza, "Uko sawa?" Wa pili akauliza, "Bloku zangu umemaliza?" Wa tatu alitaka kujua ni nani alibaki na funguo ya kabati, na alikuwa mimi. Nikalala pale kitandani nikifikiria, manze, kuna mahali nikikosa kazi inasimama.

Halafu mwaka huu ikaja stori ya pesa.

Kampuni moja, sitaitaja, iliona video yangu ya vitambaa ikaniandikia. Walitaka video nne kuhusu chama. Shilingi elfu 60. Kwa mtu anayelipa kodi kwa kubahatisha kila mwezi, hiyo si pesa ya kusoma mara moja, niliisoma mara tano. Lakini walitaka sura na stori. Nani alipitia nini, nani aliponea wapi, kushona kulimwokoa nani. Unazijua hizo video, zina piano.

Nikaipeleka kwa chama, na nikasema wazi kwamba nusu ingekuwa ya chama. Elfu 30 ingetununulia cherehani ya mtumba iliyo fiti, maana tuko na tatu na moja inakula uzi. Niliomba kura nikiwa nimejipanga, na majibu ya kila swali nilikuwa nayo.

Mama mmoja anayeketi karibu na dirisha, ambaye kwa kawaida haongei, akasimama. Alisema, "Hapa ndipo mahali pekee siulizwi kuhusu mzee wangu. Mkileta kamera mtaniuliza."

Nikamwambia si lazima yeye aonekane, tunaweza kumwacha nje ya picha.

Akasema, "Sitaki kuwa yule ameachwa nje ya picha kwa chama changu."

Tulipiga kura kwa kuinua mikono. Siku hiyo tulikuwa 16, mmoja alikuwa ameenda ocha. Watano ndiyo, mimi nikiwemo. Kumi na mmoja hapana. Wakakubaliana naweza kupiga picha za mikono na vitambaa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi peke yake, bila sura. Kampuni haikutaka mikono. Elfu 60 ikaenda.

Sasa hapa mtangoja niseme kwamba mwishowe niliona walikuwa sahihi. Sijaona. Bado nadhani kulikuwa na njia ya kufanya zile video vizuri, na kila mara ile cherehani inapokula uzi namwangalia mwenyekiti, naye anajua kwa nini namwangalia. Kodi ya mwezi huo nililipa kwa kukopa mathe, ambaye bado anaulizwa na watu wa nyumbani mtoto wake anasomea nini. Hiyo kura iliniuma mfukoni, na iliniuma hata kwa jina, kwa sababu nilishindwa mbele ya watu.

Jumapili hadi Ijumaa nilikuwa naenda na kurudi kichwani. Mtandaoni ningejua cha kufanya. Mtu akinipinga nanyamazisha, akizidi nafungia nje, na kesho yake simu inaniletea watu wengine elfu wanaokubaliana na mimi. Sijawahi kulazimika kuketi karibu na mtu aliyenishinda. Nadhani wengi wenu pia hamjawahi. Tumekua tukijua kwamba mahali ukishindwa unatoka, na kutoka ni rahisi sana, ni kidole tu.

Jumamosi nikaenda. Sikuenda kwa sababu nina moyo mkubwa. Nilienda kwa sababu kwilti yangu ilikuwa imefika nusu, tabaka tatu zimeshikwa na pini, na meza ndefu ya kuitandaza ni ya chama. Pasi inayofanya kazi vizuri ni moja, na ilikuwa kwa yule mama wa dirishani. Ikabidi nimwombe.

"Shikamoo" yangu ilitoka ndogo. Akanipa pasi. Kisha akainama chini ya kiti akatoa mfuko wa plastiki ulio na vipande vya buluu, buluu za kila aina, mashati ya ofisi yaliyooshwa mpaka yakalainika. Alikuwa ameniahidi wiki tatu kabla, kabla ya hayo mambo yote. Akasema, "Hizi zilikuwa za mzee. Usizikate ndogo sana." Akarudi kwa kiti chake. Hatukuongea kuhusu kura, na mpaka leo hatujaiongelea. Na kwa kuwa mnasoma hii, jueni nimemuuliza kama naweza kuandika hayo. Alisema niandike, bora nisimwite jina na nisiweke picha.

Kwa hivyo hoja yangu ni hii. Mfuasi hana deni na wewe, na wewe huna deni naye. Mnafaa mkiwa mnafurahishana, siku raha ikiisha kila mtu anashika njia. Mwanachama ni mtu mnayedaiana. Nina bloku zake, ana funguo yangu. Anaweza kunishinda leo na kesho nikamfumulia mshono uliokwenda kombo. Hiyo haipendezi kwa kamera, na inakula Jumamosi zako. Lakini rika letu tunalia upweke usiku saa nane tukiwa na majina mia sita kwa simu, na nadhani ni kwa sababu karibu yote hayo majina tunaweza kuyaacha bila kitu chochote kusimama.

Najua utasema uko kwa magrupu 20 ya WhatsApp. Sawa. Ni grupu gani ukikosa wiki mbili mtu atapiga simu kuuliza funguo?

Si lazima iwe kwilti. Kuna kwaya zinatafuta sauti ya nne, kuna timu za mtaa zinacheza na watu tisa, kuna chama cha shangazi yako ambacho kila mwezi kinakosa mtu wa kuandika kumbukumbu za mkutano. Nenda mahali wana kazi, kaa mpaka wakupe zamu ya kufagia. Halafu kaa mpaka siku watakupinga kwa kura, uone kama utarudi.

Sisi Jumamosi hii tunaunga migongo ya kwilti sita, na hiyo ni kazi ya mikono mingi. Ukitaka kuja niandikie nitakuelekeza. Beba shati la pamba usilolivaa tena. Kiberiti niko nacho.