Mpaka Aliouweka Binti wa Koplo

Mimi ni mtumishi wa serikali katika ofisi ya elimu ya wilaya, nami nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini. Kila Jumamosi huwasaidia vijana wa shule iliyo jirani na kambi ya polisi, ambao huunda roboti ya mashindano. Leo nataka kukiri kosa nililolifanya mwaka 2024, kwani kila mwenye amri juu ya wengine aweza kulifanya.

Roboti yetu ilikuwa na magurudumu manne, kila moja likizungushwa na mota yake ya aina ya HD Hex. Mota hiyo ikizunguka pasipo mzigo hunyonya mkondo wa umeme usiofika nusu ya ampea. Lakini ikikwama kabisa kwa umeme wa volti 12, hunyonya ampea 8.5. Sababu ni kwamba mota inayozunguka huzaa umeme wake yenyewe, nao huupinga ule wa betri. Ikisimama, upinzani huo hutoweka, na mkondo huingia kwa wingi. Joto nalo huongezeka upesi zaidi: mkondo ukiwa mara mbili, joto la waya huwa mara nne.

Betri yetu ililindwa na fyuzi moja ya ampea 20. Binti mmoja wa kidato cha tatu, ambaye baba yake ni koplo wa polisi, ndiye aliyeandika programu ya roboti. Alipiga hesabu akaona kwamba mota nne zikikwama pamoja zitataka ampea 34. Basi akaweka mpaka: programu iupime mkondo wa kila mota, na ukipita ampea 4, ipunguze nguvu. Hivyo mota zote hazikuweza kupita ampea 16.

Siku ya mashindano, katika mchezo wa kwanza, tulishindwa kusukumana na wapinzani. Watu wakatucheka. Nikaona haya, nikamwamuru binti auondoe mpaka. Akasema kwa adabu, "Mwalimu, fyuzi haitastahimili." Nikamjibu kwamba tumekuja kushinda, hatukuja kuogopa. Akaufuta bila neno.

Katika mchezo wa pili roboti ilisukuma kwa nguvu hata wapinzani wakarudi nyuma, nami nikapiga makofi. Kisha roboti mbili zikabanana penye ukuta wa uwanja, magurudumu yakakwama, na baada ya sekunde chache yetu ikanyamaza. Fyuzi ilikuwa imeungua. Mchezo ni wa dakika mbili na nusu, wala hairuhusiwi kuingia uwanjani. Tukaitazama ikikaa kama gogo mpaka kipenga kikalia. Tukatolewa.

Vijana wenzake walimlaumu binti, kwa kuwa programu ni yake. Nami niliwasikia nikanyamaza. Hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko la fyuzi.

Jumamosi mbili hakuja. Ya tatu nilikwenda kambini, nyumbani kwao, nikawaeleza wazazi wake mambo yote naye akisikia. Mama alinikaribisha chai. Koplo alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, aliyekuwa lindoni alikuambia."

Sikuwa na jibu. Jumamosi iliyofuata niliyarudia maungamo yangu mbele ya vijana wote, na binti akarejea kazini. Aliurudisha mpaka wake wa ampea 4, akaongeza jambo moja: roboti inapoanza kuondoka, kila mota iruhusiwe ampea 6 kwa nusu sekunde tu, maana fyuzi haiungui mara moja kwa ziada ndogo. Sasa roboti huondoka kwa wepesi, na tangu siku hiyo hatujabadilisha fyuzi.

Mpaka huo umo katika programu hata leo, nami siugusi pasipo kumwuliza aliyeuweka.